Maiti ya Bwana Maua

Bi Mwamini alikuwa amekwisha kufagia nyumba mara ya pili, amepiga deki ukumbini, ametandika mikeka mipya barazani, na bado kulikuwa na kitu kinanuka.

Mwanzo alidhani ni panya. Kisarawe mvua za vuli zikianza panya huhama mashamba wakaja kufia majumbani mwa watu, hilo kila mtu analijua. Akainua magunia ya korosho, akachungulia mvunguni mwa kitanda, akamwinua na mumewe, Mzee Jumbe, akatazama chini ya kiti chake. Panya hakuna. Harufu ikazidi.

"Baba Mwanamvua, kwani wewe hunusi?"

Mzee Jumbe akavuta pua, kwa heshima tu. Alikuwa mtu wa ugoro tangu enzi za Mwingereza, na pua yake siku hizi ilibaki kwa ajili ya kupendezesha uso, kazi nyingine haina. Akasema yeye anasikia pilau, na mtu akisikia pilau nyumbani kwake amshukuru Mungu asitafute mengine.

Pilau lilikuwepo kweli, na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Baada ya adhuhuri walikuwa wanakuja wageni kutoka Mbwawa, kule Kibaha, kuleta posa ya Mwanamvua, binti yao wa pekee. Kijana mwenyewe, Abeid, hakuwa na neno. Anasali, analima, na Mwanamvua alipoulizwa juu yake alitazama miguu yake akatabasamu, jibu ambalo kwa binti aliyelelewa linatosha. Neno lilikuwa kwa shangazi wa kijana, Bi Biasha. Huyo ndiye aliyemlea Abeid, na asipotamka yeye, hakuna ndoa. Alikwisha kukataa binti wa Kongowe kwa sababu kisima cha kwao kina chumvi. Akakataa binti wa Mlandizi kwa sababu baba yake anacheka sana. Sasa mtu aliyemwacha binti wa watu kwa chumvi ya kisima, akiingia nyumba inayonuka mzoga atasemaje?

Bi Mwamini akaifuata harufu ile kama mtu anayefuata kamba gizani. Ikamtoa jikoni, ikampitisha ukumbini, ikamfikisha mlangoni kwa mpangaji. Hapo akasimama.

Mpangaji wao alikuwa kijana wa Kinyamwezi, Fabian kwa jina, mrefu hata kila mlango anaoupita anauinamia kama anauamkia. Kazi yake ilikuwa imewashinda watu kuielewa. Ofisi iko Dar es Salaam, mshahara unatoka serikalini, na anachofanya ni kuchuma majani. Anaingia msituni asubuhi, anatoka na mzigo wa majani na maua ya porini, anayalaza katikati ya magazeti ya zamani, anayabana kwa mbao mbili na mikanda mpaka yakauke. Kisha anayabandika kwenye karatasi ngumu, na pembeni anaandika mmea gani, umetoka wapi, siku gani, nani aliyeuchuma. Karatasi hizo zinakwenda kutunzwa kabatini Dar, ili mtu wa miaka mia ijayo akitaka kujua Kisarawe paliota nini, afungue kabati aone. Mzee Jumbe aliwahi kumwuliza kwa nini mtu huyo wa miaka mia asije msituni akajionea mwenyewe. Fabian akasema labda msitu hautakuwepo. Mzee Jumbe alicheka mpaka akapaliwa na ugoro. Msitu uende wapi?

Watoto wa mtaani walimwita Bwana Maua, na mwenyewe aliitikia.

Mwaka ule alikuwa akifuata ukoo mmoja tu wa mimea, ule wenye bua la madoadoa kama chatu na jani moja juu lililofunguka kama mwavuli. Alikuwa nao wa Kisarawe, wa Ruvu, wa kila bonde, karatasi juu ya karatasi, lakini zote za majani. Ua hakuwa nalo hata moja, kwa kuwa ua la mmea huo huchomoza peke yake kwenye udongo mtupu kabla ya jani, na mtu akichelewa kidogo halikuti. Ndiyo maana kiangazi kile alichimba kiazi chake kimoja msituni, akakileta ndani ya debe la udongo, akakiweka chumbani kwake kama watu wanavyoweka kuku anayeatamia.

Basi Bi Mwamini akabisha hodi. Kimya. Akaita, "Fabian, mwanangu." Kimya. Akajaribu kitasa, mlango umefungwa kwa ufunguo, na nani angejua umefungiwa ndani au nje? Lakini kandambili zake zilikuwa pale chini, zimepangwa sawasawa, kama za mtu aliyeingia asitoke tena. Na tangu juzi hakumwona. Akainama achungulie kwenye tundu la ufunguo, harufu ikampiga usoni kama kofi, akajikuta amekaa chini bila kupenda.

"Inna lillahi," akasema. Kisha akakumbuka kwamba kijana ni Mkristo. Kisha akaona haidhuru, wote ni wake.

Akalia, na alilia machozi ya kweli, maana kijana alikuwa na adabu, na mama yake yuko huko Tabora hajui hili wala lile. Lakini machozi yakiwa bado yanatiririka, wazo jingine likaingia kwa mlango wa nyuma. Maiti ana haraka gani? Wageni waje, wale, watoe posa, waende zao. Alasiri Fabian atangazwe, azikwe kwa heshima zote. Akamwomba Mungu msamaha mapema kabisa, kabla ya kosa, ili jambo hilo lisije likamchelewesha baadaye.

Akatia makaa kwenye chetezo, akarusha udi, akarusha ubani, akakiweka chetezo mlangoni kwa mpangaji. Moshi ukapanda, ukakutana na ile harufu, vikashikana mikono. Sasa nyumba ikanuka kama mzoga unaokwenda harusini.

Moshi huo ndio uliomleta Hemedi.

Hemedi alikuwa jirani, na tena balozi wa nyumba kumi, mtu wa kuingia kila mahali bila hodi kwa jina la chama. Akaingia akinusa. Akauona ubani, akaona macho ya Bi Mwamini, akaona zile kandambili. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyesikia ngoma.

Mtu asiyejua atasema Hemedi alikuwa na roho mbaya. La. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ya babu zao, na mtani wako akifa, msiba ni wako. Ndiye unayemsema maiti, unayenyang'anya chakula, unayelala kaburini ukakataa kutoka mpaka ulipwe, na hakuna anayeruhusiwa kukukasirikia. Hemedi alikuwa na miaka mingi anangoja Mnyamwezi afie karibu. Wote walikuwa wanafia kwao.

Kabla Bi Mwamini hajamshika kanzu, alikwisha kutoka nje kutangaza.

Haikupita muda uani pakajaa. Wanaume wakakalia ile mikeka mipya ya posa. Wanawake wakajifunika kanga wakaingia ukumbini, wameziba pua kwa ncha za kanga, na wakitazama mlango ule wanatikisa vichwa kwamba amekaa sana huyu. Inzi walikuwa wamepanga foleni kwenye ufa wa dirisha lake. Mmoja akatumwa kumtafuta katekista, kwa sababu hakuna aliyejua Mkristo anaoshwaje. Na wapishi wa mtaa, walipoona sufuria kubwa la pilau linalofuka nyumbani kwa msiba, wakasema Mungu amlipe Bi Mwamini kwa kujiandaa mapema, wakaanza kupakua.

Wengine walitaka mlango uvunjwe. Hemedi akakaa chini akauegemea kwa mgongo, amevaa kifuniko cha sufuria kichwani, akasema haufunguki mpaka apewe jogoo. Alipewa jogoo. Akasema huyu ni mtetea. Bi Mwamini akamwinamia, akamnong'oneza kwa upole wote aliokuwa nao kwamba leo analetewa posa, jirani yangu, tafadhali uwaondoe watu mpaka alasiri.

Hemedi alimtazama kwa huruma. "Bi Mwamini, maiti ni wangu. Wewe ulikuwa unampangisha tu."

Na hapo ndipo wageni walipofika.

Walikuwa wawili. Mbele Bi Biasha, amenyooka kama mchi, kanga ya kwenye sanduku bado ina mikunjo yake, kikapu mkononi. Nyuma yake mshenga, Mzee Isihaka, mtu mpole aliyekuwa ameishika posa kwa mikono miwili ndani ya kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Waliteremka basini wakitegemea vigelegele, wakakuta watu wameshika tama.

Mzee Isihaka ndiye wa kwanza kuelewa. Akamwambia Bi Biasha kwa sauti ya chini kwamba posa ikikutana na msiba hurudishwa nyumbani, ni nuksi, waje siku nyingine. Bi Mwamini aliyasikia yote. Aliwajua watu wa posa inayorudishwa: hawapati nauli ya kuja tena.

Lakini Bi Biasha hakuwa mtu wa kupita msiba hivi hivi. Kibaha nzima, kutoka Picha ya Ndege mpaka mwisho wa Mbwawa, alikuwa na sifa ya kulia. Watu waliwahi kuchelewesha maziko ili afike. Akamwuliza mwanamke wa karibu nani amefariki, akaambiwa ni Fabian, mpangaji. Kikapu kikadondoka.

"Fabian wangu mimi!"

Akaingia kwa kishindo, akajitupa katikati ya wanawake, akashika kichwa. Akalia kwamba amemjua Fabian tangu mdogo. Akalia kwamba alimbeba mgongoni, hapa, na mgongo wenyewe bado unamkumbuka. Akasema juzi tu alipita kwake akamchotea maji, akamwambia mama, nikifa usilie. Wanawake wa Kisarawe, waliokuwa wamechoka kidogo, wakapata nguvu mpya wakamfuata. Hata waliokuja kwa ajili ya pilau wakalia.

Bi Mwamini alikuwa amesimama penye kona ya ukumbi, anaangalia. Fabian alikuja Kisarawe akitokea Tabora moja kwa moja, na mama Mnyamwezi hampi mtu wa Mbwawa mtoto wake ambebe. Alijua kwamba machozi yale hayana mwenyewe. Akanyamaza.

Hemedi naye alijua, ila kunyamaza hakukujua. Akauliza kutoka pale mlangoni, kwa adabu ya kuchokoza, marehemu alikuwa mtu wa namna gani, maana wengine walimjua kwa mbali tu.

"Mfupi," akasema Bi Biasha, akifuta macho. "Mfupi, mnene mnene, mwenye haya."

Wanawake wawili wakatazamana. Pua za watu zilikuwa zimezibwa, kwa hiyo hakuna aliyecheka sawasawa.

Sasa wakati huo huo, huko njiani, Fabian alikuwa anapandisha kilima kutokea kituoni, mbao zake za kukaushia zikiwa zimefungwa mgongoni kwa mikanda, buti limejaa tope la Ruvu. Alikuwa amekwenda msitu wa upande wa Kibaha tangu alfajiri ya juzi, na aliaga. Alimuaga Mzee Jumbe akiwa anakwenda msikitini, na Mzee Jumbe akamwitikia inshallah, akaliacha neno lile huko huko njiani.

Akafika, akaona watu. Kijana aliyelelewa akikuta msiba haulizi nani amekufa. Huo ni ushamba. Akavua buti, akainama mlango wa ua, akaketi mwisho wa mkeka kati ya wanaume, akainamisha kichwa. Wanaume walikuwa wanakula, na mtu akila pilau la watu hatazami pembeni. Akakaa msibani kwake mwenyewe muda wa kutosha. Akaona huzuni ni kubwa, akaona wanawake wanavyolia ndani, machozi yakamlenga na yeye. Mwisho akajisogeza mpaka kwa Mzee Jumbe, akamshika mkono.

"Shikamoo mzee. Pole sana."

"Marahaba. Tumekwisha kupoa, baba, kazi ya Mungu haina makosa."

"Ni nani, mzee?"

"Mpangaji wetu," akasema Mzee Jumbe, akitafuta kopo la ugoro mfukoni. "Fabian. Kijana mzuri, alikuwa anachuma..."

Akainua macho.

Kilichofuata kila aliyekuwepo anakisimulia kwa namna yake. Mzee Jumbe hakupiga kelele. Aliendelea kushika ule mkono, akaubinyabinya kuona kama una joto. Ni wale wa pembeni waliopita juu ya uzio. Kuna mmoja aliyeondoka na sahani yake na mpaka leo anasema aliitoa ili isivunjike. Wanawake walipochungulia kutoka ukumbini kuona kuna nini, wakaona mtu mrefu anainama mlangoni, anakuja, buti mkononi, mbao mgongoni kama mtu aliyebeba jeneza lake mwenyewe, wakabanana ukutani wote kwa pamoja. Hemedi peke yake hakuwa na pa kukimbilia, mlango uko mgongoni.

"Samahani, mtani," akasema Fabian. "Naomba kupita, nifungue."

Hemedi akasogea. Hakusema neno, na hilo nalo lilikuwa jambo jipya Kisarawe.

Ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka. Harufu ikatoka kwa kishindo, kama watu wanaotoka uwanjani. Na ndani, kwenye lile debe, lilikuwa limesimama ua. Ua gani, jamani. Kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, rangi ya ini lililolala, limejiviringisha kama kanga iliyovishwa gogo, na katikati yake limetoa kitu kama mchi, ambacho wanawake walikitazama, kisha wakatazama dari. Inzi wanaingia na kutoka kama wamealikwa.

Fabian akapiga magoti. "Limekuja," akasema. "Nilidhani ni baada ya wiki kadhaa, kumbe limekuja. Tazameni lilivyo zuri!"

Watu walitazama. Hakuna aliyemwunga mkono.

Akaanza kuomba radhi huku akifungua mikanda: hakujua, wamsamehe, ndivyo ukoo huu ulivyo, hunuka mzoga ili kuita inzi. Akaanza kupima urefu kwa futi ya fundi cherehani.

Bi Biasha alikuwa amesimama. Kanga imemporomoka begani, machozi yamekauka vibaya. Wanawake wote walikuwa wamemgeukia, wanapima kimo cha Fabian kwa macho, kuanzia nyayoni mpaka kwenye boriti, na kurudi kwake. Akaokota kikapu.

"Mzee Isihaka, twende," akasema. "Mimi sitoi mwanangu aoe kwenye nyumba inayofuga uozo chumbani."

Hemedi ulimi ukamrudia. "Lakini bibi, si ndiye huyu uliyembeba mgongoni? Miguu uliiweka wapi?"

Kicheko kikaanza kuchemka, kikatembea chini chini ukumbi mzima. Bi Mwamini akaona. Kicheko kile kikipasuka, Bi Biasha ataondoka na aibu yake, na mtu akiondoka kwako na aibu harudi tena kwako kuchukua mke. Mwanamvua alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, amepaka wanja, amefuta, amepaka tena, na kila mara analisogeza pazia achungulie.

"Hemedi, kifuniko changu," akasema Bi Mwamini, akakitwaa kichwani kwake, na kicheko kikangoja. Kisha akamgeukia mpangaji. "Fabian, mwanangu, acha hilo ua kidogo. Njoo umwamkie mama yako. Kati ya sisi sote hakuna aliyekulilia kama yeye."

Fabian hakuelewa, lakini kuamkia si jambo la kusubiri kuelewa. Akaacha futi, akaja, akainama mpaka kichwa chake kikafika usawa wa kichwa cha Bi Biasha, akampa mkono.

"Shikamoo mama. Ahsante kwa kunililia."

Bi Biasha akautazama ule mkono. Akamtazama Bi Mwamini, wala usoni kwa Bi Mwamini hapakuwa na kicheko hata cha kuazima. Akaupokea mkono.

"Marahaba, mwanangu," akasema pole pole. Akamkagua juu mpaka chini. "Umekonda. Na umerefuka."

Wanawake wakaitikia kwamba kweli, amerefuka. Ikawa basi. Kikapu kikarudi chini.

Lakini kitambaa cha posa kilikuwa bado na fundo lake. Mzee Isihaka alikuwa amesimama nacho anamtazama Bi Biasha, Bi Biasha anatazama mle chumbani, na Bi Mwamini, ambaye hakuwa na la kufanya tena, alikuwa anatazama hilo fundo.

Mle ndani Fabian alikuwa amekwisha kulipasua ua kwa kisu toka juu mpaka chini, amelilaza kwenye magazeti, amechukua kalamu. Akaandika Kisarawe. Akaandika rangi, akaandika urefu. Kisha akatoa kichwa mlangoni akasema kuna jambo moja anaomba wamsaidie wazee wake, maana ua likikauka harufu huondoka, na asipoiandika leo huko kabatini hakuna atakayeijua. Yeye mwenyewe ameizoea misituni, hawezi kuwa shahidi. Aandike inanukaje?

Wakajibu wote kwa mkupuo. Mzoga. Panya wa wiki. Punda aliyefia mtoni. Hemedi akasema aandike Mnyamwezi. Fabian akainua mkono, akasema nafasi ni ndogo, neno moja, na kwa kuwa mama yake yupo, itakuwa vibaya mtu mwingine kusema kabla yake.

Watu wakamgeukia Bi Biasha. Akajitengeneza kanga. Akasogea mlangoni, akavuta pua kwa ukamilifu, bila kuziba chochote, akafumba macho, yakatoka machozi ambayo safari hii yalikuwa na sababu. Akafikiri. Pazia la chumba cha ndani likatulia.

"Andika," akasema, "inavumilika."

Na akamwashiria Mzee Isihaka afungue kitambaa.